Mbona Waisukuma?

Nawauliza jamani, mtu mzima akionekana asubuhi yuasukuma baiskeli, tairi la nyuma limelala kama chapati ya jana, shati limemganda mgongoni, mtu huyo mwadhani yuafanya mazoezi? Maana leo, toka Ganda mpaka naingia mjini Malindi, nimeulizwa swali moja na watu kumi na mmoja. Nimewahesabu. "Mbona waisukuma?"

Wa kwanza nilimjibu kwa adabu: pancha, ndugu yangu. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuwa bi mkubwa mmoja amejitwika beseni la mahamri, nikamwamkia shikamoo, akanipokea marahaba mwanangu, kisha akanitazama kwa huruma akasema, "Si uipande tu?" Nikameza mate. Wa saba, kijana wa boda, alipunguza mwendo akaenda sambamba nami kitambo kizima, moshi wote wanijia mimi, halafu akatoa uamuzi: "Mzee, hiyo ni pancha." Ahsante, daktari.

Ni pancha ya tatu wiki hii. Na leo ni Jumatano.

Mimi si mtu wa kulalama, wanaonijua wanajua. Stima ikipotea nalala. Mfereji ukikohoa hewa naenda kisimani. Bei ya sukari siitaji kwa jina, isije ikasikia ikapanda tena. Lakini baiskeli ndiyo miguu yangu. Ni ile nyeusi ya kizamani, tairi namba 28, keria ya kubeba gunia, niliachiwa na marehemu ami yangu. Ami alinihesabia spoku moja moja kabla hajanikabidhi: mbele 32, nyuma 40. "Nyuma ndiko kwenye mzigo," akaniambia, kama anayenikabidhi siri ya ukoo. Wiki jana nne za nyuma zikakatika kwa mpigo, rimu ikachora namba nane, nami nikaipeleka kwa fundi. Hapo ndipo nilipojitia kitanzi.

Fundi wangu yuko chini ya mkungu, karibu na soko. Jina nalihifadhi, ana mke na watoto. Kibanda hana, ana kipande cha gunia, pampu, beseni la maji yenye rangi ya chai ya maziwa, na wasaidizi watano ambao hakuna hata mmoja mwenye baiskeli. Hao kazi yao ni kukaa kwenye benchi na kutoa rai. Halafu kuna kitoto kimoja, mwanafunzi wa ufundi, ambaye ndiye afanyaye kazi yote.

"Mzee, umepita wapi?"

"Barabarani."

"Barabara ipi?"

"Ya kutoka Ganda. Iko nyingine?"

Akalibonyeza tairi kwa kidole gumba, akafumba macho kidogo. "Umekanyaga mbigili."

Hajalifungua bado! Daktari wa hospitali hukuomba hata damu kidogo. Basi kitoto kikaipindua baiskeli miguu juu, aibu ilioje, chombo cha ami yangu, kikalichomoa tairi kwa vijiko viwili vya chakula. Wallahi kimoja kilikuwa bado kinanukia pilau. Tyubu ikavutwa nje kama utumbo wa samaki, ikapigwa upepo, ikazamishwa kwenye beseni. Benchi zima likainama. Kimya. Kisha, bul-bul-bul.

"Hewalla!" benchi likapaza sauti, utadhani goli limeingia.

"Ngojeni, iko na ya pili," akasema fundi.

"Hiyo ya pili," nikasema kwa upole, "umeitoboa sasa hivi kwa kijiko."

Akanitazama vile mtu anavyomtazama mgonjwa wa homa anayeweweseka.

Hapo benchi likafungua kikao. Mmoja akataka kujua nina kilo ngapi. Mwingine akasema natia upepo mwingi mno, tairi lapasuka kwa joto. Wa tatu akasema la, natia mdogo mno, kwa hivyo nikigonga shimo rimu inaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili kama kaumwa na nyoka. Huyo, nikiri, alisema la maana, nami nikamchukia zaidi. Wa nne akasema ni jicho: kuna mtu ameitamani hiyo baiskeli, nifunge uzi mweusi kwenye usukani. Wa tano, mwalimu mstaafu, yeye alikuwa angali anafikiri. Na mimi mwenye mali nikaambiwa nishike pampu.

Lakini pancha tatu zinamsomesha mtu. Nikaomba ile tyubu, nikaipangusa maji, nikawaonyesha.

"Fundi, mwanangu, tazama. Tundu hili liko upande wa ndani, upande wa rimu. La Jumatatu lilikuwa upande huuhuu. La jana pia. Mwiba wa mbigili huingilia nje, kwenye tairi. Huu wangu ulizunguka vipi mpaka ndani? Ulipanda tuktuk?"

Kimya kikaanguka chini ya mkungu. Fundi akamkonyeza yule mtoto apitishe kidole ndani ya rimu, kuizunguka pole pole. Kidole kikaenda, kikaenda, kisha: "Aiii!" Damu.

Spoku nne zimechungulia juu ya rimu kama panya kwenye dari. Na ule ukanda wa tyubu kuukuu unaovishwa rimu ili ncha zisiidunge tyubu, haupo. Kila nikikaa mimi na mzigo wangu, ncha zaingia. Nikawaza, hivi siku zote hizi nilikuwa nimepanda nungunungu.

Fundi akasimama wima. Mishipa ya shingo ikamtoka. "Nani aliyetia spoku hizi? Ndefu namna hii? Fundi gani huyu asiye na haya? Watu kama hawa ndio wanaotuharibia kazi!"

"Ni wewe," nikamwambia. "Alhamisi."

Akafikiri.

"Alhamisi nilikuwa na homa," akasema.

Benchi zima likampa pole! Wallahi, pole alipewa yeye. Mimi niliyesukuma chuma toka Ganda siku tatu mfululizo nikaulizwa kwa nini sikusema mapema kwamba fundi ni mgonjwa.

Akatafuta tupa, akazisugua zile ncha, akavisha ukanda, akaziba matundu mawili: la spoku na la kijiko. Akanihesabia yote mawili, hamsini hamsini, na hamsini nyingine ya kusugua. Nilimuuliza la kijiko nalilipia kwa nini. Akasema kiraka ni kiraka, gundi haijui nani alitoboa. Na rimu ile, mbona bado yayumba? "Hiyo si nane tena, mzee. Imebaki kama sita."

Binti yangu juzi, akinionea huruma, alinisomea kwenye simu kwamba tairi la upepo lilipata hati miliki mwaka 1888, kule Belfast, kwa mkono wa John Boyd Dunlop, aliyetaka baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu isimtikise mtoto. Nikamuuliza, fundi wa nini huyo? Akasema hakuwa fundi, alikuwa daktari wa mifugo. Basi nikaelewa. Ndiyo maana tyubu yangu yavimba asubuhi kama ng'ombe aliyekula majani ya umande, na jioni upepo wote umemtoka. Mtoto wake hakutikisika, sawa. Na mimi je?

Nataka kuondoka, fundi akanionyesha tyubu mpya, ingali ndani ya boksi. "Chukua kabisa, mzee, hii ya China haina matata." Ndipo yule mwalimu mstaafu alipofungua kinywa. Akasema mwaka 1415 watu wa Malindi walimpelekea mfalme wa China twiga. Twiga mzima, kwa bahari. Tumengoja miaka 600 na zaidi, majibu ndiyo haya. Tyubu.

Nikapanda, tairi lagusa uma kila mzunguko, chwi, chwi, chwi, nafika kazini saa nne kasoro, bosi kashika saa mkononi, na mimi sina habari naye, namfikiria twiga. Kichwa alikiweka wapi, kwenye jahazi lenye tanga? Dhoruba ikija, nani alimshika? Na lazima alikuwako mtu wa kumkatia majani, mtu maskini kama mimi, mshahara wa kukumbushana. Tena kabla ya chombo, kuna yule aliyemkokota kwa kamba mpaka ufukweni, jua la saa saba, mchanga wachoma, mnyama hataki kwenda. Huyo namjua kabisa. Namuona avuka mji mzima, na kila mlango watu wametoa vichwa:

"Mbona wamkokota? Si umpande tu?"