Nilimwambia Akaze, Akakaza

Kwa kuwa rafiki yangu ameshaisambaza habari hii kwa namna yake, na kwa kuwa tangu asubuhi watu watatu wameniuliza kama ni kweli nililia juu ya mti, naomba ieleweke kwamba sikulia. Nilimwita mama. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Tulikuwa tunakata mti kipande kwa kipande. Matawi yalikuwa yamekwisha, limebaki shina tupu, nami nikilikata vipande kuanzia kileleni. Kapi, yaani gurudumu la kupitishia kamba, lilikuwa limefungwa chini kidogo ya mkato, na kamba iliyofungwa kwenye gogo linalokatwa ilipita humo ikashuka hadi kwa rafiki yangu, aliyeizungusha kwenye kifaa cha chuma kilichofungwa shinani, ili msuguano ubebe uzito badala ya mikono yake. Kwa kuwa gogo hukaa juu ya kapi, halina budi kuanguka kwanza na kulipita ndipo kamba ikazike; kwa hiyo mtu wa chini huiacha kamba ikimbie kidogo, kisha huizuia polepole, kama dereva aliyepakia mayai. Haya yote nayajua vyema. Ni mimi niliyemfundisha yeye, tena kwa majivuno.

Siku hiyo, hata hivyo, chini palikuwa na uzio mpya, nami nikaingiwa na hofu nikapaza sauti: "Ongeza mizunguko! Usiachie hata kidogo!" Rafiki yangu ni mtiifu mno.

Gogo lilikuwa na kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita moja na nusu, na kwa ubichi ule halikupungua kilo 150. Liliinama taratibu kama mzee anayetafuta kiatu chake chini ya kitanda. Nikasikia nyuzi za mwisho za mti zikikatika, kisha kimya. Kamba ikapita mbele ya pua yangu, ikanyooka, ikalia kama uzi wa zeze, na gogo likasimama ghafla hewani. Shina, ambalo ndilo nililokuwa nimejifunga kwalo (msicheke kwanza, bado), likavutwa upande wa gogo, likarudi, likaenda tena, nami nikaenda nalo kila lilikokwenda. Helmeti ikanifunika macho. Miiba ya viatu vya kupandia ikachomoka, nikalikumbatia shina kwa mikono, magoti na shavu, huku utomvu ukinigandisha ndevu. Hapo ndipo mama alipoitwa.

Shina lilipokaribia kutulia, nikafumbua jicho moja. Gogo, likiwa bado linaning'inia kwa ile fundo niliyoisifia asubuhi, lilikuwa linakuja likizunguka bila haraka yoyote, likanigonga makalio. Halikunigonga kwa nguvu, bali kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi mlango ambao anajua uko wazi.

Kutoka chini ikasikika sauti iliyojaa fahari: "Fundi, nimekaza vizuri, au niongeze mzunguko mwingine?"

Tukalishusha, nikashuka, kamba ile tukaistaafisha siku hiyo hiyo, na uzio haukupata hata mchubuko.

Sasa rafiki yangu anawaambia watu kwamba nilimwita mama mara nne. Zilikuwa tatu. Ile ya nne sikuimaliza, kwa sababu ya gogo.