Mbona Kiyidi hamkukitaja?

Makala yenu imeeleza vizuri utajiri wa Wayahudi wa Oudtshoorn, Afrika Kusini: manyoya ya mbuni, majumba ya mawe, kisha soko kuanguka mwaka 1914. Lakini Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, hakikutajwa hata mara moja, na hilo limeniuma. Wengi wao walitoka Lithuania, na Kiyidi ndicho walichopatania bei na kuwabembelezea watoto.

Tena lugha hiyo iliwahi kuamua nani aingie nchini. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1902 ya Koloni la Rasi, koloni la Waingereza ambamo Oudtshoorn ilikuwamo, ilimtaka mgeni aweze kuandika kwa herufi za lugha ya Ulaya. Kiyidi huandikwa kwa herufi za Kiebrania, kutoka kulia kwenda kushoto. Basi mtu aliyezaliwa Ulaya, anayezungumza lugha iliyojaa maneno yenye asili ya Kijerumani, aliweza kukwama bandarini kwa sababu ya herufi zake tu! Viongozi wa Wayahudi walilipigania jambo hilo mpaka sheria ya 1906 ikakitambua Kiyidi.

Mwandishi anasema Uyahudi wa mji ule ulikuwa dini tu. Sikubaliani naye hata kidogo. Mji mdogo vile ulikuwa na masinagogi mawili, la pili likiwa la waliotaka kusali kama walivyosali kwao Lithuania. Watoto wao wakahamia Kiafrikana na Kiingereza, na shule za Kiyahudi nchini zikakipa kipaumbele Kiebrania. Hapo ndipo Kiyidi kilipopotelea. Mhariri, naomba sehemu ya pili ihusu hilo.