Nani aisimamie hospitali ya umma? Asasi za kiraia na afya nchini Uganda

Mwaka 2011 CEHURD, shirika la kiraia linalotetea haki ya afya, na wenzake waliishtaki serikali ya Uganda katika Mahakama ya Katiba kwa vifo vya kina mama wawili waliofariki wakijifungua, mmoja Mityana na mwingine hapa kwetu Arua, ndani ya hospitali ya rufaa. Hoja yao ilieleweka hata sokoni: mjamzito akifika hospitali ya serikali na kuambiwa akanunue glavu, wembe na pamba kwanza, uhai wake umewekwa rehani. Mwaka 2012 mahakama ilijitoa, ikisema mambo hayo ni ya watunga sera. Mahakama ya Juu ikairudisha kesi mwaka 2015, na Agosti 2020 walalamikaji wakashinda.

Wanaozitetea asasi za kiraia huitaja kesi hii kwanza, na wana haki. Hakuna mbunge aliyefungua kesi kwa ajili ya wale marehemu. Ila hukumu hainunui glavu. Bajeti hupitishwa na Bunge, na ile ahadi ya viongozi wa Afrika kule Abuja mwaka 2001, kwamba asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya, bado haijatimizwa.

Upande wa pili, wakuu wa serikali huwauliza wanaharakati: nyinyi mlichaguliwa na nani? Mashirika mengi hulipuuza swali hilo. Mimi naona lina uzito. Mbunge wangu naweza kumnyima kura. Mkurugenzi wa shirika lenye ofisi Kampala anatoa hesabu kwa mfadhili aliye ng'ambo. Tena wapo walioichafua kazi hii. Mfuko wa Dunia, unaofadhili vita dhidi ya UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ulipozisimamisha fedha zake Uganda mwaka 2005, tume ya Jaji James Ogoola ilichunguza zilivyotumika, na mwaka 2009 ofisa mmoja wa usalama alifungwa miaka 10. Alikuwa amechukua, kupitia shirika lake mwenyewe, takriban shilingi milioni 120 zilizotolewa ili shirika hilo likague miradi ya UKIMWI. Mkaguzi ndiye aliyekula.

Hata hivyo, serikali haiulizi swali hilo kwa ajili ya mgonjwa. Agosti 2021 iliyasimamisha mashirika 54 kwa mkupuo, na sijaona mwananchi wa kijijini aliyeongezewa sauti kwa hatua ile.

Jibu la swali, kwa maoni yangu, limo kwenye historia yetu wenyewe. TASO, shirika la kuwasaidia wagonjwa wa UKIMWI, ilianzishwa mwaka 1987 na watu ambao UKIMWI ulikuwa umeingia nyumbani mwao, wakati hospitali zilikuwa hazina la kuwapa wagonjwa. Hawakuhitaji kuchaguliwa na mtu. Wagonjwa walikuwa wao na ndugu zao. Mashirika mengi yaliyofuata hayana mzizi huo.

Chombo chenye mzizi huo kipo tayari, nacho ni kamati ya usimamizi wa kituo cha afya, ambayo wajumbe wake ni watu wa eneo lenyewe. Lori la Bohari ya Taifa ya Dawa likifika na maboksi, wajumbe wanatakiwa wawepo yakifunguliwa, wahesabu na kutia saini. Ni kazi nzito, maana kituo cha ngazi ya pili au ya tatu, yaani vile vidogo vilivyo karibu na vijiji, hakiagizi dawa kinazotaka: hupokea maboksi yaliyopangwa tayari, na dawa ya malaria inaweza kuisha huku nyingine ikikaa hadi muda wake upite. Lakini lori huja mwenyekiti akiwa shambani, maboksi yanaingizwa stoo, saini inatiwa baadaye. Hesabu ya fedha za robo mwaka hubandikwa ubaoni, mara nyingi kwa Kiingereza, mbele ya watu wanaozungumza Kilugbara na Kiswahili.

Kazi ya mahakamani iachiwe wanasheria wa Kampala, wanaiweza. Lakini shirika linalokuja wilayani na mradi wa afya lianze kwa kamati hii: liifundishe kusoma hati ya mzigo, liilipie nauli siku ya lori, na libandike bajeti yake lenyewe kwenye ubao uleule, kwa lugha ya watu. Shirika lisilokubali hilo halina sababu ya kulalamika likiulizwa lilichaguliwa na nani.

Januari 2025 Marekani ilipozuia misaada, wahudumu wengi waliolipwa na miradi walirudishwa nyumbani, wakiwemo watu wanaoishi na VVU waliokuwa wakiwafuatilia wenzao walioacha dawa. Mwezi uliofuata Wizara ya Afya iliagiza kliniki za VVU na kifua kikuu ziunganishwe na huduma za wagonjwa wa nje. Huenda ni uamuzi mzuri wa muda mrefu, kwa kuwa huduma iliyotegemea mradi hufa na mradi. Lakini aliyezoea kuchukua dawa zake kwa siri sasa anapanga foleni moja na majirani zake, na kabla ya agizo kutoka, yeye na kamati ya kituo chake ndio waliopaswa kuulizwa.