Karibu Kiti

Jipu lilikuwa na Ramadhani nzima ya kutoka. Mwezi wote huo mtu umejilaza zako ukisubiri magharibi, hakuna anayekutaka ukae wala usimame. Halikutoka. Likangoja mwezi wa Idi uandame, Mufti atangaze, pilau liinjikwe, ndipo nalo likaiva. Na mahali lilipochagua, jamani! Mgongo wote huu mpana usio na kazi, lenyewe likaona pazuri ni pale pale ninapokalia.

Usiku nimekandwa kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka nikakaribia kuiva mimi. Jirani kaleta jani la mbono. Wa duka la dawa kasema nisiliminye, wadudu wataingia kwenye damu, kisha akauliza kama nimekula maembe. Msimu huu maembe yako wapi?

Halafu daladala. Mwaka mzima nasimama kutoka Gongo la Mboto hadi mjini, shingo imepinda chini ya bati, kwapa la mtu liko puani. Leo sikukuu, gari jeupe. "Siti zipo baba, kaa!" Nasimama, mwanangu. "Mzee, leo levo siti, trafiki wako mbele, faini utalipa wewe?" Yaani siku ninayotaka kusimama ndiyo siku sheria imeamka. Nikakaa shavu moja. Matuta ya barabara ile nilikuwa nayapita tu. Leo tumejuana kwa majina.

Ukweni Mbagala, sebule imejaa. "Karibu kiti, mkwe." Ahsante mama, nimekaa sana njiani. "Aka! Karibu kiti." Nitakaa mama. Mke wangu ananitazama kwa lile jicho la usinitie aibu kwetu, na nilishamkataza kusema. Mtu mzima, kanzu mpya, uingie ukweni na habari za tako?

Mjomba akaguna. "Mtu hagomi kiti bure. Hawa wamegombana." Minong'ono. Mama mkwe kashika kifua. Nikaona ndoa inavunjika kwa jipu, nikasema lililonijia mdomoni: "Wazee wangu, kwetu sisi mkwe haketi mbele ya wazazi wa mke."

Baba mkwe akavua miwani. "Mnasikia nyie?" Akawageukia wanawe waliojimwaga kwenye makochi na simu zao, akawasimamisha wote. Mawaidha yakaanzia adabu za wazee wa Rufiji, yakapitia suruali za kubana, yakarudi Rufiji tena. Muda wote huo nasifiwa, nimeegemea mguu mmoja, machozi yananilenga, wao wanadhani maneno yamenigusa. Mwisho akatamka: mkwe mwenye adabu hii hawezi kusimama nyumbani kwangu, leteni kile kiti changu.

Kile kiti ni cha mninga. Hakijawahi kuona mto tangu kichongwe. Mzee akanishika mabega kwa mikono yake mwenyewe, akanishusha.

"Allahu akbar!" Nadhani na mtaa wa pili walisikia. Nao wakaitikia! Mjomba akadakia takbira za Idi, sebule nzima ikampokea, wanawake jikoni wakaunga, na mimi niko juu ya mninga, nani atainuka katikati ya takbira?

Nilipoinuka, shangazi yake mke wangu akaitazama kanzu kwa nyuma. "Huyu mtoto ana jipu," akatangaza, sauti ya mnada. Adabu yangu yote ikaishia hapo. Shemeji zangu wakarudi kwenye makochi wanajishika mbavu. Baba mkwe akachukua kiti chake, akakifuta kwanza. Mjomba akasema litumbuliwe leo leo, kwani awamu ya tano ya Magufuli tulifundishwa nini?

Pilau nimekula dirishani, wima, nimezungukwa na watoto wanaodai hela ya Idi kwa sababu wameona siwezi kukimbia. Na watoto wenyewe wa siku hizi! Unampa shilingi 500, anaigeuza huku na huku, anauliza kama nyingine utamtumia kwenye simu ya mama yake. Sisi 100 tulikuwa tunaifunga kwenye pindo la leso, tunalala nayo.

Nimechoka, jamani. Mtu anafanya kazi mwaka mzima, anaomba siku moja tu akae, ale, alale. Kukaa siwezi. Kulala ni kifudifudi, na hilo pilau lote liko tumboni. Na kesho kutwa kazini nitasemaje? Ukimwambia bosi malaria, anakupa pole na ruhusa. Mwambie jipu, anauliza wapi.

Sasa simu haitulii. Shangazi ameshaandika kwenye kundi la ukoo. Mmoja anasema kitunguu cha kuchoma, mwingine anasema ni kijicho cha kanzu mpya, na kuna mzee mmoja wa Tabora, sijawahi hata kumuona, anaomba nitume picha ili ashauri vizuri.