Skauti Gede: gwaride sawa, lakini makaburi kwanza

Magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili kusini mwa Malindi, Kenya, yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO Julai 2024. Heshima hiyo huja na wageni rasmi na sherehe, na hapo ndipo wengi huwafikiria skauti wa shule zetu: wajitolee kupandisha bendera, wapange mstari, wapokee wageni.

Wanaounga mkono wana hoja nzito. Mtoto wa Malindi huenda akaiona Gede mara moja tu, safari ya shule, kisha basi. Chipukizi, yaani skauti wa umri mdogo, aliyesimama zamu kando ya lile kaburi lenye mwaka 802 Hijria, yaani 1399, hatachora jina lake ukutani. Akishajua kwamba humo mlichimbuliwa vyombo vya kaure kutoka China, mji wa wazee wake unakuwa wake kweli.

Upande wa pili nao una haki ya kusikilizwa, na mimi hunielemea zaidi. Wageni wetu wakubwa huchelewa. Watoto husimama juani na skafu shingoni, masomo yanapita, na kujitolea kunageuka kuwa pambo la hafla ya watu wazima. Sheria ya Watoto ya 2022 inataka maslahi ya mtoto yatangulie. Hiyo si hiari ya mwenye ratiba.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka: Gede si uwanja. Pana msikiti wa Ijumaa na makaburi, na wenyeji wengi huamini wazee wa kale bado wanapalinda. Kupiga ngoma za gwaride mbele ya mihrabu ni kukosa adabu, hata bendera ikipepea vizuri namna gani. Kuta nazo ni za matumbawe na chokaa. Buti moja likikanyaga ukingo, kipande kinamomonyoka. Na mifuko ya vitafunio ikiachwa chini, kima wa msitu ule hawangoji kukaribishwa.

Kwa hiyo nasema skauti waje, ila gwaride liishie langoni. Ndani wafanye kazi ya kweli: kuongoza wageni njiani, kuwazuia wasipande kuta, kuokota taka. Siku za masomo zamu ziwe za Jasiri, ambao ni watu wazima; Chipukizi na Mwamba, skauti wa umri unaofuata, waje Jumamosi. Mgeni akichelewa nusu saa, watoto warudishwe kivulini, wapewe maji, naye atawakuta huko.