Tarakimu Haikisiwi

Neno likipotea herufi moja, mara nyingi tunalisoma hivyo hivyo. Andika "band-ri" na hakuna atakayeuliza unamaanisha nini. Lakini nipe namba yenye pengo, tuseme 2-9, nami nitakaa nayo mpaka jioni bila kujua katikati palikuwa na nini. Tarakimu haina jirani wa kuisaidia. Kwa hiyo naamini kwamba anayebuni bendera za ishara, zile ambazo meli hutumiana ujumbe, hana budi kuanza na namba, na zile sura zinazoonekana vizuri kabisa azipe namba. Herufi zitajitetea kwa zitakazobaki.

Wanamaji wa zamani walilijua hili, maana ujumbe wao mwingi ulikuwa wa namba. Tarehe 21 Oktoba 1805, karibu na rasi ya Trafalgar, Hispania, Admirali Nelson wa jeshi la majini la Uingereza alipandisha ule ujumbe wake maarufu kwamba Uingereza inatarajia kila mtu atatimiza wajibu wake. Ni neno la mwisho tu lililotajwa herufi kwa herufi. Mengine yote yalitoka kwenye kitabu cha ishara cha Home Popham, ofisa wa jeshi hilo hilo, kila neno na namba yake ya tarakimu tatu, kila tarakimu na bendera yake. Nelson mwenyewe alitaka kitenzi kingine, lakini luteni wa ishara, John Pasco, akamwomba akibadilishe kwa sababu hakikuwamo kitabuni na kingekula bendera nyingi. "Inatarajia" ilikuwa 269. "Kila" ilikuwa 261. Zitazame namba hizo. Kinachotenganisha kitenzi cha ujumbe na neno "kila" ni kitambaa kimoja cha chini kabisa, na siku hiyo upepo ulikuwa hafifu, bendera hazikunyooka sawasawa. Ujumbe ulisomeka kwa sababu 1 na 9 zilikuwa bendera mbili zisizofanana.

Watu wengi wakiombwa kubuni bendera ya namba 5, wanachukua kitambaa na kuchora 5. Nawaelewa, lakini naomba waache. Bendera ina pande mbili. Meli iliyo upande wa pili inaiona tarakimu yako imegeuka kama kwenye kioo, na 6 iliyofungwa kichwa chini imeshakuwa 9. Tena mchoro wa wino unahitaji kitambaa kilichotulia, na baharini kitambaa hakitulii: kinapiga, kinajikunja, kinajizungusha kwenye henza, yaani kamba ya kupandishia. Kinachosafiri mbali ni vipande vikubwa vya rangi. Mistari miwili au mitatu, duara, msalaba, basi.

Mfumo wa Kimataifa wa Ishara unaotumika leo, ulioanza kazi tarehe 1 Aprili 1969, umelifanya jambo hili kwa namna ninayoiheshimu sana. Kwanza umetenganisha maumbo. Herufi ni bendera za pembe nne (A na B zimekatwa mkia kama mbayuwayu), tarakimu ni vibendera virefu vinavyopungua upana kuelekea nje. Hata kabla hujaona rangi unajua: hii ni namba. Na kwa kuwa upande mpana ndio wa mlingotini, huwezi kuchanganya kushoto na kulia hata ukitazama kutoka upande wa pili.

Halafu rangi. Ziko tano tu: nyeupe, njano, nyekundu, buluu na nyeusi. Kijani hakimo. Sasa zipange kwa mwanga: nyeupe na njano zinang'aa, nyekundu, buluu na nyeusi ni za giza. Chukua vibendera vyote kumi uvipitie kimoja kimoja. Sifuri ni njano, nyekundu, njano, kwa mistari ya wima. Tatu ni nyekundu, nyeupe, buluu. Tano ni njano na buluu. Sita ni nyeusi juu ya nyeupe, saba ni njano juu ya nyekundu. Kila mahali rangi ya mwanga inakaa na ya giza, hakuna giza linalogusa giza. Hata tisa, yenye vipande vinne vya rangi nne, ambayo kwa mara ya kwanza inaonekana kama fujo: juu nyeupe kisha nyeusi, chini nyekundu kisha njano. Ifuate kwa kidole. Nyeupe inagusana na nyeusi na nyekundu, njano inagusana na nyeusi na nyekundu. Wima na mlalo, hakuna pale kanuni ilipovunjwa.

Linganisha na herufi. E ni buluu juu ya nyekundu, giza juu ya giza, na jua likishuka nyuma yake unabaki na kivuli cha mraba. Z nayo ina mahali ambapo buluu na nyekundu zinakutana. Namba hazikuruhusiwa udhaifu huo, na mimi nasema ndivyo inavyopaswa. Utaratibu huu unamsaidia pia mtu asiyetofautisha rangi vizuri, na watu hao si wachache: kwa wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini ni karibu 8 katika kila 100. Nyekundu ikimpotea, bado anaona palipo na mwanga na palipo na giza.

Alama nyingine ndizo zinazonifurahisha zaidi, kwa sababu hapo wabunifu walijizuia. Nukta ya desimali haikushonewa bendera yake. Wametumia kibendera kilichokuwapo tayari, cha mistari mitano ya wima, nyekundu na nyeupe kwa kupokezana, ambacho kazi yake ya kawaida ni kujibu: kikipandishwa nusu, nimeuona ujumbe wako, kikifika juu kabisa, nimeuelewa. Kikiwekwa kati ya tarakimu kinakuwa nukta. 12.5 ni moja, mbili, kibendera cha kujibu, tano. Na nafasi kati ya fungu moja la ishara na jingine ni kamba tupu, kama mita mbili hivi, isiyo na kitambaa chochote. Alama isiyoonekana, na kila mtu anaisoma.

Kuna pia bendera tatu za pembe tatu za kurudia, kwa kuwa meli kwa kawaida hubeba seti moja. Ukitaka kutaja saa saba na nusu mchana unapandisha T, ya kuonyesha kuwa ni saa, kisha 1, 3, bendera ya pili ya kurudia, na 0: T1330. Ya pili inarudia tarakimu ya pili, yaani 3. T haihesabiwi kwa sababu si ya jamii moja na tarakimu. Hesabu hiyo yote inasimama juu ya umbo la kitambaa.

Pamoja na sifa hizo, kuna jozi moja isiyoniridhisha hata kidogo, nayo ni 1 na 8. Moja ni kibendera cheupe chenye duara jekundu. Nane ni kibendera cheupe chenye msalaba mwekundu. Kwenye karatasi hakuna tatizo. Lakini upepo ukilegea, mikono ya msalaba inamezwa na mikunjo, na kilichobaki ni weupe wenye wekundu katikati, ambao ndio moja yenyewe. Meli iliyo nje ya Dar es Salaam ikiambiwa C085, yaani shika mwelekeo wa nyuzi 85, itaelekea mashariki, bahari kuu. Ikisoma C015 itaelekea kaskazini, upande wa Unguja. Nyuzi 70 za tofauti, kwa mkunjo wa kitambaa.

Mtu ataniambia kuna redio na kuna setilaiti. Ni kweli, na meli za kivita bado zinapeperusha bendera pale zinapotaka kuwasiliana bila kusikika, na mashindano ya mashua bado yanaendeshwa kwa bendera. Mfumo upo na unatumika, basi na urekebishwe. Pendekezo langu ni nane iwe njano yenye msalaba mweusi. Kati ya tarakimu hakuna nyingine yenye njano na nyeusi peke yake, kanuni ya mwanga na giza inabaki salama, na kitambaa kikijikunja vibaya kiasi gani hakitakuwa cheupe wala chekundu. Nisingekubali kuugeuza msalaba huo kuwa wa njano juu ya nyeusi, kwa sababu utakaribia mno nne, ambayo ni nyekundu yenye msalaba mweupe. Gharama yake ni kibendera kimoja kipya kwa kila seti na ukurasa mmoja wa kitabu kuchapwa upya.