Swali Linalomponza Anayejua

Ukiniuliza mimi, swali bovu kuliko yote kwenye chemsha bongo si lile gumu, ni lile linalomponza anayejua zaidi. "Mji mkuu wa Afrika Kusini ni upi?" Aliyekariri orodha ya miji mikuu anabonyeza kitufe, anasema Pretoria, anapewa alama zake. Mwenzake anajua kwamba Bunge linakaa Cape Town na Mahakama Kuu ya Rufaa iko Bloemfontein, basi anaduwaa: huyu mtunzi anataka mji upi? Hadi aamue, kengele imeshalia. Kumbe ingetosha kuuliza Bunge la nchi hiyo linakaa mji gani.

Mlima Everest nao ni mtego wa aina hiyohiyo. Ukiuliza mlima mrefu kuliko yote duniani, umemwalika mtu wa kutetea Mauna Kea, mlima wa Hawaii, ambao ukipimwa kuanzia kitako chake chini ya bahari unapita mita 10,000, ilhali Everest una 8,849. Ongeza "kutoka usawa wa bahari", ubishi kwisha. Mto mrefu kuliko yote sijaupatia dawa. Wapo wapimaji wanaoshikilia Nile na wapo wa Amazon, kutegemea chanzo umeanza kukihesabu wapi. Hilo mimi siulizi kabisa.

Majibu pia huchacha. Mji mkuu wa Kazakhstan ulikuwa Astana, ukaitwa Nur-Sultan mwaka 2019, na 2022 ukarudi kuwa Astana. Mwamuzi anayeng'ang'ania "karatasi imeandika hivi" hapo hana hoja, na mshiriki akikata rufaa asikilizwe. (Wenye karatasi huwa wabishi kuliko washiriki.)

Lakini kinachonikera zaidi, hasa kwenye mashindano ya kuwahi kitufe, ni mpangilio wa dokezo. Ukianza na "Nchi hii, ambayo mji wake mkuu ni Montevideo...", ukumbi mzima unabonyeza kwa pamoja na anayeshinda ni mwenye kidole chepesi. Anza na uwanja wa Centenario. Fuatisha kwamba iliandaa Kombe la Dunia la kwanza, 1930, ikalitwaa yenyewe. Montevideo uje mwisho. Shabiki wa soka la zamani atakuwa ameshajibu Uruguay kwenye neno la tatu, na hizo alama ni halali yake.